Presi ya Gereji Ikikamua Mawese

Presi ya gereji, ile yenye nguzo mbili za chuma na jeki ya chupa inayotoa beringi na kuingiza bushi, inaweza kukamua mawese. Mji wetu wa Baraka, mashariki mwa Kongo, uko kwenye Barabara ya Taifa namba 5. Malori yanayotoka Uvira kwenda Fizi na Kalemie yanaharibika, yanatengenezwa, na palipo na malori hapakosi presi. Michikichi nayo imesimama pwani ya Ziwa Tanganyika kuanzia Mboko hadi Kazimia, na kuzunguka rasi ya Ubwari. Presi na mchikichi wanaishi jirani bila kujuana. Mama anayepika mawese bado anatwanga, anakanyaga, anakamua kwa mikono na maji mengi, kisha anamwaga kapi lenye mafuta mengi ambayo ameyahangaikia tangu alfajiri.

Ninawaandikia mafundi walio na presi, akina mama wanaopika mawese kwa kikundi, na pia watu wa Bibokoboko. Kule milimani mchikichi haustawi, kwa sababu unataka joto la bondeni. Mlima una ng'ombe, maziwa na mahindi, na mawese yanayoliwa huko yamepanda kutoka ziwani kwa kichwa na mgongo. Mashambulizi ya mwaka 2021 yaliwateremsha wengi wa Bibokoboko hadi Baraka na vijiji vya karibu, wakaacha zizi na shamba. Mtu aliyefika pwani bila ng'ombe wala shamba anahitaji kazi inayoanza na mikono na chombo kinachoweza kumilikiwa na watu kumi. Presi ya mawese ni chombo cha namna hiyo.

Fundi akiombwa mashine ya kukamua, huuliza kwanza: tani ngapi? Mteja naye hujibu kwa fahari kwamba anataka jeki kubwa kuliko ya jirani. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mafuta hayatolewi na tani, yanatolewa na joto la chikichi, upana wa kikapu kinachozibeba na subira ya anayepiga mkono wa jeki. Jeki ya tani 20 inatosha kikundi cha kijiji, na inatosha kwa ziada.

Fanya hesabu hii kabla hujanunua chuma. Nguvu ya jeki inagawanywa kwa eneo la bamba linalosukuma. Tani 20 ni kilo 20,000. Ukizisukuma juu ya bamba la kipenyo cha sentimita 40, kila sentimita ya mraba inapata kilo 16 tu. Kwenye kipenyo cha sentimita 30 inapata kilo 28, kwenye sentimita 25 inapata kilo 41 hivi, na kwenye sentimita 20 inapata kilo 64. Anayekata pipa la lita 200 kuwa kikapu, kwa kuwa linaonekana limebeba chikichi nyingi, ana kipenyo cha sentimita 57 hivi na kilo 8 tu kwa kila sentimita ya mraba, ndani ya bati jembamba litakalotanuka na kupasuka. Kikapu kidogo kinakamua zaidi. Mimi ninashauri kipenyo cha sentimita 25 na kimo cha sentimita 40. Ujazo wake unakaribia lita 20, yaani bidoni moja, kipimo ambacho kila mtu sokoni anakijua, na kubeba kapi lake hakumvunji mtu mgongo.

Ukishuka hadi sentimita 20 unapata nguvu nyingi zaidi, lakini kokwa zinaanza kupasuka, unga wa gamba unaingia kwenye mafuta, na kazi ya kujaza na kumwaga inaongezeka bila faida ya maana. Michikichi mingi ya zamani ya pwani yetu ni ya gamba nene, ile ambayo wataalamu wanaiita dura. Gamba lake linavumilia. Mbegu mpya ya gamba jembamba, tenera, haivumilii hivyo, kwa hiyo mwenye chikichi za tenera apunguze mkono mapema.

Tofauti ya hizi mbili inastahili neno, kwa sababu ilieleweka hapa nchini. Mwaka 1941 watafiti wawili wa kituo cha Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba unene wa gamba unarithiwa kwa kanuni rahisi: dura ikichavushwa na pisifera, ambayo haina gamba, watoto wote ni tenera. Ugunduzi huo wa Kongo ndio uliojenga mashamba ya michikichi ya Asia. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera, na tangu 2018 serikali ya Tanzania imelisukuma zao hilo kwa nguvu. Anayetaka kupanda asiokote kokwa chini ya mti mzuri wa tenera akidhani atapata tenera tupu. Tenera kwa tenera huzaa robo dura na robo pisifera, na pisifera kwa kawaida haizai matunda ya maana. Utaitunza miaka kadhaa ndipo ujue. Miche inunuliwe kwa anayechavusha kwa makusudi.

Sasa hesabu ya mafuta yenyewe. Katika chikichi za dura, nyama ya nje ni kama asilimia 35 hadi 50 ya uzito, na iliyobaki ni kokwa na gamba lake. Nyama iliyoiva vizuri ina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Chukua kilo 100 za chikichi zilizopukuchuliwa, zenye kilo 40 za nyama: ndani yake kuna kilo 20 hivi za mafuta. Anayekamua kwa mikono na miguu akipata nusu, ana kilo 10, sawa na lita 11. Anayekamua kwa presi iliyotengenezwa vizuri akipata robo tatu, ana kilo 15, lita 16 au 17. Mti ni uleule, kuni ni zilezile, aliyepanda juu ya mti kukata mkungu ni yuleyule. Lita hizo tano ndizo zinazolipa jeki.

Lakini lita hizo hazipatikani kwa chikichi zilizoandaliwa vibaya, na hapa naomba uvumilie, maana sehemu hii inashinda yote yatakayofuata kuhusu chuma.

Kata mkungu unapoanza kudondosha chikichi zenyewe. Chache chini ya mti zinatosha kuwa ishara. Mkungu mbichi hauna mafuta ya kutosha, na chikichi iliyoanguka yenyewe imeshajeruhiwa. Jeraha ndilo adui. Chikichi ikichubuka, kimeng'enya kilicho ndani ya nyama yake kinaanza kuyavunja mafuta saa hiyohiyo na kuyafanya makali kooni. Kinachokizuia ni moto peke yake. Watu wengi huacha mikungu siku nyingi ili chikichi zilegee na kupukuchuka bila kazi. Siku moja au mbili sawa, tatu ndiyo mwisho. Zikizidi, unayoyapata ni mafuta ya sabuni.

Zipike kwa mvuke badala ya kuzizamisha. Weka mawe au wavu wa miti chini ya pipa, maji yasifike juu ya wavu, jaza chikichi, funika kwa magunia na majani ya migomba, uchochee saa moja hadi saa moja na nusu tangu mvuke utokee juu. Chikichi imeiva ukiibana kwa vidole nyama ikaachana na kokwa. Ukiitoa mapema, presi ya tani 100 haitakusaidia: mafuta yamefungiwa ndani ya vijumba vidogo vya nyama, na kazi ya kupika na kutwanga ni kuvibomoa vijumba hivyo. Presi inayasukuma nje tu mafuta ambayo yameshaachiliwa.

Twanga zikiwa za moto, kwenye kinu cha mti au ndani ya pipa lenye mhimili na mapanga yanayozungushwa kwa mkono. Kokwa zisivunjwe. Ziache ndani ya rojo, usizichambue kabla ya kukamua, kwa sababu zinaacha njia kati yake ambamo mafuta yanapita. Rojo ya nyuzi tupu inashikana kama sufi iliyoloa na kufunga mafuta katikati. Kutoka kinuni hadi kikapuni usipoteze muda. Mawese yakipoa yanakuwa mazito na hayatoki. Kama mvua imenyesha na rojo imepoa, irudishe kwenye mvuke dakika chache. Wanaonunua jeki ya tani 50 mara nyingi wanajaribu kuyakamua mafuta yaliyoganda.

Tuje kwenye chuma. Presi ya gereji ina boriti ya juu isiyosogea, meza ya chini inayoshikiliwa na pini, na kati yake boriti ndogo inayoshuka. Jeki imesimama juu ya boriti ndogo na inasukuma boriti ya juu. Boriti ya juu haiendi popote, kwa hiyo ndogo inashuka, na springi mbili zinairudisha ukifungua valvu. Usiubadili mpango huo. Wapo wanaogeuza jeki kichwa chini ili isukume moja kwa moja. Jeki ya chupa ya kawaida ikigeuzwa inavuta hewa badala ya mafuta yake na haisukumi. Wapo pia wanaoiweka chini na kuinua kikapu. Basi mawese ya moto na maji yake vinamwagikia jeki, na sili zake zinakufa mapema.

Tatizo la jeki kukaa juu ni moja, na ni kubwa: mafuta ya haidroliki yakivuja yanaanguka kwenye chakula cha watu. Chomelea sinia ya bati nene chini ya jeki, juu ya boriti ndogo, yenye ukingo wa sentimita 3 pande zote na mdomo wa kumwagia nje ya fremu. Pasipo sinia hiyo mashine isikamue hata mara moja. Jeki inayolia machozi ibadilishwe sili, na siku sili hazipo, kazi isimame.

Fremu inabeba tani 20, tani 10 kwa kila nguzo. Chaneli ya chesisi ya lori inafaa sana, na ndiyo chuma bora unachoweza kukipata kwetu bila kuagiza mbali. Weldi ya viungo iwe ya kuendelea, pande zote mbili, isiwe ya nukta nukta. Pini za meza ziwe chuma kizima cha milimita 25 au zaidi. Nondo ya ujenzi isitumike kama pini. Baada ya kuunganisha, weka kipande cha mti mgumu mezani, pandisha jeki hadi ikaze sana, watu wakiwa mbali, halafu iache nusu saa. Chunguza kila weldi kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi kando ya weldi ni ufa, na ufa haujazwi juu, unasagwa hadi mwisho wake ndipo unachomelewa upya.

Kikapu kinatengenezwa kwa bomba la chuma la unene usiopungua milimita 8. Toboa matundu ya milimita 3 au 4, yakiachana kama sentimita mbili na nusu, safu kwa safu, yasipangane wima moja kwa moja. Kisha kwa keekee kubwa zaidi, panua kila tundu kutoka nje hadi nusu ya unene. Tundu linakuwa jembamba ndani na pana nje, hivyo uzi wa nyama ulioingia unatoka, haukai kuziba. Kazi hii ya kupanua ni ya siku nzima na inachosha, na fundi atakuomba muiruke. Msiiruke. Zungushia kikapu pete tatu za bamba, juu, kati na chini, kwa kuwa rojo inasukuma pembeni kwa nguvu karibu sawa na inavyosukumwa kutoka juu. Mtungi wa gesi uliokatwa haufai, ukuta wake ni mwembamba, na kuukata kwenyewe kumewahi kuua watu kwa gesi iliyobaki.

Kuhusu wapi chuma kinatoka, naomba nisikilizwe kwa makini. Usitumie bomba la mabati ya zinki, maana mawese ya moto yana asidi inayolamba zinki. Usitumie shaba nyekundu wala ya njano kwa mdomo wa kutolea mafuta, kwa sababu shaba inaharakisha mawese kuchacha. Usipake kikapu rangi yoyote, na hasa ile nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu, ambayo huenda ina risasi. Pipa la kupikia lisiwe lilibeba dawa ya wadudu au kemikali za mgodini. Nchi yenye machimbo ya dhahabu kama Misisi haikosi mapipa ya namna hiyo yanayouzwa kwa bei nafuu, na hakuna kuosha kunakoyasafisha. Na katika ardhi iliyopitiwa na vita vingi namna hii, bomba au chuma cha mviringo kilichookotwa porini kisiletwe gereji kabisa, hata kama kinaonekana kitupu na kina unene unaotakiwa. Kisiguswe, mahali pake paelezwe kwa wanaoshughulika na mabomu yaliyosalia. Moto wa kuchomelea hausubiri mtu ahakikishe.

Bamba la pistoni liwe na unene wa milimita 20, au milimita 12 lenye mbavu zilizochomelewa juu yake. Kati ya pistoni na ukuta acha nafasi ya milimita 2 hadi 3. Ikibana zaidi inakwama ikienda mshazari, ikilegea zaidi rojo inapanda juu yake. Chini ya kikapu weka sahani nene yenye mfereji wa mviringo na mdomo mmoja, iliyoinamishwa kidogo upande wa ndoo.

Liko jambo moja ambalo michoro mingi hailisemi na kila fundi hukutana nalo siku ya kwanza. Jeki ya chupa inapanda sentimita 15 hivi, ukiongeza skrubu yake ya juu unapata chache zaidi. Rojo yenye kimo cha sentimita 40 inashuka hadi karibu nusu. Safari ya jeki haitoshi. Tengeneza vitalu vya bomba nene, vyenye bamba lililochomelewa juu na chini, kimoja cha sentimita 10 na kingine cha 15. Unakamua hadi jeki imalize, unafungua valvu, springi zinarudisha boriti, unaweka kitalu juu ya pistoni, unaendelea. Vitalu viwe na kishikio, visije vikashikwa kwa vidole wakati boriti inashuka. Usipange vitalu vitatu, kimoja juu ya kingine. Mnara ule unaweza kuruka.

Kujaza kuna ustadi wake. Weka rojo ya moto kimo cha kiganja, tandaza sawasawa, weka sahani nyembamba ya chuma yenye matundu, weka rojo tena. Sahani hizo mbili au tatu zinayapa mafuta ya katikati njia fupi ya kutoka. Kisha piga mkono wa jeki polepole hadi mafuta yaanze kutiririka, na hapo uache. Subiri mkondo uwe matone. Piga mara chache, subiri tena. Kikapu kimoja kichukue dakika 10 hadi 15. Ukipiga kwa haraka, nyuzi za pembeni zinakandamizwa na kuwa ukuta, matundu yanaziba, na unasikia jeki imekuwa ngumu ukadhani kazi imekwisha, kumbe mafuta yako katikati. Vijana wenye nguvu hukosea hapa kuliko wazee. Na yeyote anayetia bomba refu kwenye mkono wa jeki ili aongeze nguvu aondolewe kwenye mashine: anazidisha kile ambacho fremu ilitengenezewa, mbele ya mafuta ya moto. Anayekamua asimame kando ya nguzo, asisimame mbele ya kikapu, na watoto wakae nje ya kibanda.

Ukimwaga kapi, chukua konzi moja ingali moto, ikamue ndani ya ngumi, kisha ibonyeze kwenye karatasi. Kapi lililokamuliwa vizuri linaacha vidole vikiwa na unyevu tu, na doa hafifu. Kama mafuta yanatiririka kati ya vidole, rudi nyuma kwenye upishi na utwangaji kabla hujailaumu jeki. Nyuzi zikianikwa ni kuni nzuri ya kupikia mzigo unaofuata, na kokwa zikikauka zinapasuliwa kwa ajili ya mafuta ya mise, yaani ya kiini chake, ambayo ni biashara nyingine.

Mwenye gereji atauliza kama anaweza kukamua mawese siku ya soko na kutoa beringi siku zilizobaki. Anaweza, kwa masharti. Kila kinachogusa chakula, yaani kikapu, pistoni, sahani na vitalu, kiwe cha mawese peke yake na kifungiwe mahali pasipo na grisi. Meza ya presi ifunikwe na sahani nene ya chakula, isitumike yenyewe. Fremu ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kazi, na mtu aliyeshika beringi asiguse rojo mpaka ameosha mikono hadi kwenye viwiko. Baada ya kukamua, chombo kioshwe kwa maji yanayochemka, kikaushwe motoni, kipakwe mawese safi kisishike kutu. Mimi, kama fedha zinaruhusu, ningependa kikundi kiwe na fremu yake. Inafunguliwa kwa bolti, inapakiwa vipande vipande kwenye pikipiki au mtumbwi, na kwa watu waliolazimika kuhama zaidi ya mara moja, chombo kinachofunguka kina thamani ambayo kilichojengewa sementi hakina.

Kabla ya kikundi kuchanga fedha, jaribuni. Pimeni kilo 100 za chikichi za miti ileile, zilizokatwa siku ileile, mzigawe nusu kwa nusu. Nusu moja ifanywe kwa njia mliyozoea, na anayeifanya awe mama hodari kuliko wote, asiwe mvivu. Nusu nyingine ipitie presi ya kukodi. Pimeni lita baada ya kuyachemsha, msipime kabla, kwa maana yanayotoka kwenye presi yana maji na tope. Andikeni pia kuni na saa zilizotumika. Mkubaliane mapema mwenye presi analipwaje: kwa fedha, au kwa lita moja katika kila bidoni. Na mkubaliane kapi ni la nani, kwa sababu ugomvi mwingi wa mashine za mawese huanzia kwenye kokwa.

Mafuta yaliyotoka yachanganywe na maji ya moto, kama theluthi ya ujazo wake, yachemke taratibu saa moja au zaidi, kisha yatulie. Tope linashuka, mawese yanaelea. Yachotwe kwa uangalifu kutoka juu, yarudishwe kwenye chungu kikavu juu ya moto mdogo. Yatapasuka pasuka kwa sauti. Hayo ni maji yanayotoka. Sauti ikinyamaza, ondoa motoni palepale. Wekundu wa mawese ndio ambao mwili unaugeuza kuwa vitamini A, na watoto wetu wanauhitaji machoni. Kuyachoma hadi yawe meupe ni kuitupa sehemu hiyo kwa makusudi, nami ningewaomba wapishi wa maandazi wayaache mekundu.

Kwa mzigo unaopanda Bibokoboko, bidoni iwe kavu kabisa, haijawahi kubeba petroli, na ijazwe hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo. Ifungwe kwa mfuniko unaokaza, ifunikwe na gunia au majani dhidi ya jua la njiani. Huko juu baridi itayagandisha, na mnunuzi anayeona mafuta mazito yenye chembechembe asidhani yamechanganywa na kitu. Ayapashe kidogo. Yakiyeyuka yakawa maangavu, bila maji chini na bila ukali kooni, ni mawese mazuri. Akikuta maji chini ya bidoni, amrudishie muuzaji, na muuzaji arudi kwenye chungu chake cha mwisho, pale ambapo sauti haikunyamaza.